Uji Uliochacha na Uji Ulioharibika



Siku ya kupima watoto, karibu kila juma, kuna mama anayeuliza hivi: "Muganga, uji wa asubuhi ulisha kuchacha. Niumwange ao nimupatie mutoto?" Wengine kwenye benchi wanacheka, wakidhani ni swali la mtu asiyejua usafi. Sivyo. Ni swali kubwa, na jibu lake si "ndiyo" tupu wala "hapana" tupu. Kuna uchachu unaomlinda mtoto na kuhara. Kuna pia kuharibika kwa chakula ambako kunaweza kumwua. Vyote viwili vinaweza kuanza katika sufuria moja, na kazi ya mama ni kujua namna ya kusaidia kile kizuri kishinde.

SAA AMBAZO UJI UNAKAA

Tufikiri siku moja ya mama wa huku kwetu Shabunda. Anaamka kabla ya jua, anawasha moto, anapika uji wa mtoto. Kuni ni za kutafuta mbali na kuzibeba mgongoni, kwa hiyo anapika mara moja tu, sufuria nzima ya siku. Halafu anaenda shambani, ao anavuka Ulindi kwenda soko. Mtoto wa miezi kumi anabaki na dada yake wa miaka minane. Dada anamlisha saa nne, anamlisha saa sita, anamlisha tena saa tisa. Uji ni ule ule, umefunikwa kwa sahani, katika joto hili la msitu wetu.

Uji ulipotoka motoni, ulikuwa safi. Moto uliua karibu kila kitu. Lakini tangu hapo dada aliosha kijiko kwa maji ya mto. Nzi alitua juu ya sahani. Mkono wa mtoto mwenyewe uliingia ndani. Mikrobe chache zikapata nyumba yenye joto, maji na chakula.

Sikia namna zinavyozaa. Mikrobe ya tumbo haikai na mimba miezi tisa kama sisi. Ikiwa katika hali inayoipendeza, inajigawa na kuwa mbili kwa dakika 20 hivi. Baada ya dakika 20 tena ni nne, halafu nane. Ukihesabu hivyo kwa saa 6, mikrobe moja imekuwa 262,144. Na dada hakuingiza mikrobe moja tu.

Hapa ndipo akina mama wengi wanadanganywa na pua zao. Uji ule wa saa tisa, wenye mikrobe nyingi za kuhara, mara nyingi haunuki. Ladha yake ni nzuri, tamu kama wa asubuhi. Mama akirudi anauonja, anasema "ungali mzuri," anammalizia mtoto. Jirani yake ana uji mchachu wa siku mbili, anauona mbaya, anaumwaga kwa mbuzi. Inawezekana kabisa kwamba siku hiyo mbuzi amekula chakula kilicho salama kuliko cha mtoto.

Mikrobe hizo mbaya zina majina. Kuna kolibasili za namna mbalimbali, ambazo zinaleta kuhara kwa maji. Kuna shigela, inayoleta kuhara damu. Kuna salmonela, kuna kampilobakta. Na kuna vibrio ya kolera, ambayo sisi wa Kivu tunaijua bila kufundishwa. Mtoto anayenyonya tu hakutani nazo sana. Anakutana nazo anapoanza kula, kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, na ndiyo sababu katika umri huo anahara mara kwa mara na kilo zinashuka kwenye karatasi yake. Kuhara, kukonda, kuhara tena: ndiyo njia ambayo watoto wengi wanapitia kwenda kwenye bwaki.

MIKROBE ZINAZOFANYA UCHACHU

Si mikrobe zote ni adui. Katika unga wa mahindi, juu ya ngozi ya muhogo, katika kibuyu cha maziwa, kuna mikrobe ndogo ambazo hazina ugomvi na mtoto. Wenye elimu wanaziita bakteria za asidi laktiki. Nyingi kati yazo zina jina la laktobasili. Kazi yao ni kula sukari ndogo-ndogo iliyo katika unga ao maziwa, na kuacha asidi. Asidi hiyo ndiyo uchachu unaousikia mdomoni. Katika mashanza ni asidi hiyo hiyo.

Asidi ikiwa nyingi, inaingia ndani ya mwili wa mikrobe mbaya na kuvuruga kazi zake. Kwanza zinashindwa kuzaa. Halafu nyingi zinakufa. Laktobasili zenyewe zinavumilia uchachu, kwa hiyo zinabaki kuwa wenye nyumba. Tena zimekula ile sukari mbele ya wageni kufika, na baadhi yao zinatoa vitu vingine vya kupigana na mikrobe zisizo za jamaa yao.

Katika maabara uchachu unapimwa kwa kikaratasi kinachobadilika rangi. Kipimo kinaanza 0 mpaka 14. Maji safi yako karibu na 7. Uji mtamu wa kawaida uko karibu na 6, na hapo mikrobe za kuhara zinakaa kwa furaha. Uji uliochacha vizuri unashuka chini ya 4. Wewe huna kikaratasi, lakini una ulimi: uchachu wa kweli unakufanya ufinye jicho kidogo, kama chungwa lisiloiva vizuri. Uchachu mdogo tu, ule wa "sijui kama umechacha ao hapana," hautoshi. Huo ndio wa hatari zaidi, kwa sababu uji umekaa muda wa kutosha kwa mikrobe mbaya kuzaa, lakini asidi haijafika.

Vibrio ya kolera ni dhaifu mbele ya asidi. Lakini salmonela na kolibasili fulani zinaweza kuvumilia uchachu kwa muda. Kwa hiyo mama asiseme, "Uji wangu ni mchachu, basi sina haja ya kunawa mikono."

Siku hizi katika miji mnaweza kusikia neno probiotiki. Ni mikrobe hai ambazo, mtu akizila kwa kipimo cha kutosha, zinamletea faida ya afya; ndivyo wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya walivyoeleza mwaka 2001. Wazo si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Ilya Mechnikov, mtaalamu wa Urusi aliyefanya kazi Paris, alisifu maziwa machachu kwa ajili ya afya ya matumbo. Sasa famasi za mijini zinauza mikrobe hizo katika vidonge, tena kwa bei ya kuumiza. Mimi sikutumi kununua. Lakini sitaki pia udanganyike kwamba kila chungu cha uchachu ni dawa ya probiotiki. Jambo lililo na uhakika zaidi ni lile la asidi: inalinda chakula wakati kinapokaa.

WALIYOYAONA TANZANIA NA GHANA

Wenzetu wa Tanzania wana kinywaji kinachoitwa togwa. Ni uji wa mahindi, mtama ao ulezi, uliopikwa, ukapozwa, ukatiwa unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa na kusagwa. Unaachwa mpaka unachacha. Hakuna ulevi ndani yake ukinywewa mapema, na watoto wanapewa tangu zamani.

Wataalamu wa lishe wa Tanzania, wakifanya kazi na wenzao wa Sweden, walitaka kujua kama mabibi walikuwa na haki. Walichukua uji unaochacha, wakaingiza ndani kwa makusudi mikrobe za kuhara, halafu wakahesabu. Kampilobakta zilitoweka mapema. Kolibasili na shigela zilichukua saa nyingi zaidi, lakini nazo zilishindwa. Katika uji usiochachushwa, mikrobe mbaya ziliendelea kuzaa.

Lakini maabara si nyumba yenye watoto. Kwa hiyo walienda pia vijijini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba watoto wadogo waliokula uji uliochachushwa walihara mara chache kuliko watoto ambao hawakuula. Na mwaka 1999 yakatolewa mengine: watoto walipewa uji mchachu mara moja kila siku kwa siku 13, na wale waliokutwa na mikrobe za kuhara katika choo chao wakapungua sana, kuliko wale waliopewa uji mtamu.

Ghana wana kinyunga cha mahindi machachu. Mwaka 1990 wataalamu walitangaza kwamba mikrobe za kuhara zilishindwa kustawi ndani yake kama zinavyostawi katika mahindi yasiyochacha. Lakini Ghana hiyo hiyo inatupa onyo. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2006, watoto wa kaskazini mwa nchi waliokuwa tayari wanahara walipewa kinywaji kichachu cha uwele juu ya matibabu yao. Kuhara hakukukoma upesi zaidi. Mama, shika hilo: uji mchachu unafaa mbele ya ugonjwa, kwa kuzuia. Mtoto akisha kuhara, usiutegemee kuwa dawa.

MUHOGO WETU NAO

Huenda unasema, "Hayo ni mambo ya Tanzania, sisi ni watu wa muhogo." Vizuri. Basi jua kwamba wewe ni fundi wa kazi hii tangu ulipokuwa binti. Unapoloweka muhogo katika kidimbwi siku tatu, nne, mpaka ulainike na kutoa harufu, ni mikrobe hizo hizo zinafanya kazi. Chikwanga inayofungwa katika majani inasafiri siku kadhaa kwenye mashua za mto Kongo bila friji. Haiharibiki upesi kwa sababu ilichacha kabla ya kupikwa, na majani yanazuia uchafu.

Muhogo mchungu una tena jambo lingine. Ndani yake kuna sumu ya sianidi. Wakati wa kuloweka, muhogo unalainika na sumu inatoka, sehemu katika maji, sehemu katika hewa. Ukikata siku za kuloweka, sumu inabaki. Huko Kwango, magharibi ya nchi yetu, daktari Giovanni Trolli aliandika mwaka 1938 habari za ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo: mtu anaamka asubuhi na miguu imekakamaa, na haiponi tena. Watoto na wanawake ndio wanaopigwa zaidi. Baadaye, barabara ya lami ilipowarahisishia watu wa kule kuuza muhogo Kinshasa, wengine walianza kuloweka usiku mmoja tu ili wauze haraka, na konzo ikaongezeka. Ugonjwa huo umeonekana hata katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi. Wakati wa kukimbia vita watu wanachimba muhogo na kuula upesi-upesi, bila siku za kuloweka, bila samaki wala maharagwe. Ninajua njaa haingojei. Lakini muhogo mchungu wa usiku mmoja si chakula cha mtoto.

Angalia pia maji unayolowekea. Kidimbwi ambacho watu wanaogea ndani na kufulia nguo za watoto kinaingiza uchafu. Uchachu unasaidia na moto wa bukari unamaliza, lakini muhogo uliolowekwa usiliwe wala kuonjwa na watoto kabla haujapikwa. Na ukiuanika, tandika mkeka ao turubai mahali pa juu, si kando ya barabara ambapo pikipiki na mbuzi wanapita.

NAMNA YA KUCHACHUSHA UJI WA MTOTO

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Nitaeleza njia ya unga wa mahindi, maana mahindi yanapatikana soko la Shabunda. Unga wa mchele unafaa pia, hata wa masoso, ingawa soya inafanya uchachu ukawie. Unga wa muhogo peke yake ni maskini. Hauna vya kumkuza mtoto.

Chukua chombo cha udongo, cha kioo ao cha plastiki ya chakula, kilichooshwa vizuri na kumwagiwa maji ya moto. Usitumie kopo la rangi, ndoo ya bati yenye kutu wala bidoni iliyokuwa na mazuti ao dawa ya mashamba. Asidi inakula chuma na kutoa vitu vibaya vilivyojificha katika chombo. Weka kikombe 1 cha unga na vikombe 2 vya maji yaliyochemka yakapoa. Koroga, funika kwa kitambaa safi na kifuniko, weka ndani ya nyumba mahali pasipofikiwa na panya wala jua kali.

Siku ya kwanza hutaona mengi. Siku ya pili vinakuja vipovu na harufu inaanza. Siku ya pili jioni ao siku ya tatu harufu ni ya kuchacha, kali lakini safi, na ukiweka tone kwenye ulimi unafinya jicho. Hapo ni tayari. Kwa joto letu haichukui muda kama kule Bukavu kwenye baridi.

Kabla ya kupika, toa kikombe kidogo cha ule mchanganyiko mbichi, ukifunike, ukiweke. Hiyo ndiyo chachu yako. Kesho yake unaitia katika unga na maji mapya, na safari hii kazi inakwenda haraka, siku moja inatosha. Kila mara unapofanya hivyo mikrobe nzuri zinazidi kuwa nyingi tangu mwanzo, nazo mbaya hazipati nafasi. Wewe mama mwenye mkate unajua: kinyunga cha kesho kinainuliwa na kipande cha leo.

Pika mchanganyiko uliobaki kwa maji mengine ya moto, vikombe 2 hivi, ukikoroga. Uchemke vizuri, dakika 10 ao zaidi, mpaka unga uive. Mtauliza: je, moto hauui zile mikrobe nzuri? Ndiyo, unaziua. Lakini asidi waliyoifanya haiondoki na moto. Inabaki katika uji na kuulinda pale dada atakapokuwa anamlisha mtoto saa sita na saa tisa. Watanzania wanaokunywa togwa bila kuichemsha tena wanapata mikrobe hai pia. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na kwa maji ya huku, mimi ninachagua njia ya kupika. Mama mwingine muganga anaweza kuchagua ile nyingine, nami sitagombana naye, mradi chachu yake iwe ya kuaminika.

Sufuria ifunikwe. Dada achote kwa kijiko kirefu safi, aweke katika sahani ya mtoto, asimlishe ndani ya sufuria. Mabaki ya sahani yasirudishwe. Uji wa siku moja umalizike siku hiyo hiyo, na wa jioni uchemshwe kwanza.

Karanga zilizosagwa, unga wa sambaza waliokaushwa, yai, viwavi vilivyokaushwa na kusagwa, kijiko cha mawese: hivyo vyote ni vizuri sana, bila hivyo uji unajaza tumbo tu. Lakini vitie katika sahani wakati wa kula, ao chemsha kidogo katika sehemu inayoliwa sasa hivi. Usivitie katika sufuria inayobaki mpaka jioni. Samaki na karanga vinapunguza nguvu ya asidi, na tena ni chakula kitamu cha mikrobe mbaya.

NAMNA YA KUJUA KWAMBA KIMEHARIBIKA

Harufu ya kuchacha ni kali na safi. Harufu ya kuoza ni ya yai bovu, ya nyama iliyolala, ya choo. Usibishane na harufu hiyo, mwaga na uoshe chombo kwa maji ya moto. Mwaga pia ukiona utando wa kijani, mweusi ao mwekundu, ao nywele-nywele za ukungu. Usiseme, "Nitatoa juu, chini ni kuzuri." Ukungu una mizizi usiyoiona.

Unga wenyewe uwe mzuri tangu mwanzo. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchachusha wala kwa kupika. Mikrobe za uchachu zinapigana na mikrobe. Hazina uwezo wa kufuta kila sumu iliyokwisha kuwekwa. Kwa mfano, uji mtamu ambao umekaa mchana kutwa na kuharibika, usijaribu kuuokoa kwa kuutia chachu jioni. Umechelewa.

Mwezi wa kwanza mwaka 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji kwenye kilio. Zaidi ya watu 70 walikufa. Wengi walidhani ni mchawi, wengine walisema ni sumu ya mamba. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umelowa maji ya mafuriko, na mikrobe mbaya ilikuwa imezaa ndani yake na kutoa sumu kali ambayo haiharibiwi kwa kuchemsha. Kwa hiyo, mama, unga uliolowa na mvua katika nyumba yenye kuvuja, ukakaa hivyo mpaka ukabadilika rangi na harufu, usiutengenezee uji mchachu kwa kufikiri kwamba uchachu utausafisha.

MASWALI MNAYOULIZA

Mtoto wangu ana miezi minne, nimwanzishie uji huo? Hapana. Mpaka miezi sita ni ziwa lako tu, hata maji hapana. Katika maziwa ya mama mna askari wa kumlinda, na pia chakula maalumu cha zile mikrobe nzuri ndani ya tumbo lake. Akifika miezi sita anza na vijiko vichache, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili ao zaidi.

Ameanza kuhara leo, nifanye nini? Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uji mchachu anaweza kuula kama anaukubali. Lakini kinachookoa maisha ni maji ya SRO: paketi 1 katika litre 1 ya maji safi. Kama huna paketi, tia vijiko 6 vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika litre 1. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo-kidogo, kila anapohara. Mlete apate pia zinki, ambayo anakunywa siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma. Ukiona damu katika choo, macho yamebonyea, hawezi kunyonya, analegea kama usingizi, ao anatoa choo kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Mbebeni hata kwa tipoyi.

Na mashanza? Ng'ombe ni wachache huku msituni, lakini wengine mnaleta ao mnatumiwa kutoka upande wa Bukavu. Maziwa yakichemshwa kwanza, yakapoa, yakatiwa chachu ya mashanza safi, ni chakula kizuri cha mtoto aliyepita miezi sita, wala hayazuii kuendelea kunyonya. Maziwa mabichi yaliyoachwa yachache yenyewe ni jambo jingine. Kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa bruselosi vinaweza kupita humo, na uchachu hauvimalizi.

Kasiksi nayo si imechacha? Imechacha, lakini kwa kazi ya hamira, ambayo inaacha pombe. Baba mkwe akimchovya mtoto kidole cha kasiksi "apate nguvu," mwambie kwa heshima kwamba muganga amekataza. Mwenye mimba pia asinywe.

Mutoto anakunja uso, anatema. Ndiyo, uchachu ni mgeni kwake. Juma la kwanza changanya nusu ya uji mchachu na nusu ya uji mtamu katika sahani yake, umlishe mara moja, usiweke mchanganyiko huo. Ndizi mbivu iliyopondwa inatuliza uchachu kuliko sukari, tena ndizi ipo karibu kila nyumba. Dada yake naye aonje mbele yake, maana mtoto anakula anachoona mkubwa anakula.